Fielder inatetemeka nikiondoka: gereji ya kampuni Mombasa au fundi wa chini ya mwarobaini?

#1 BintiMaweni
Salamu jamani. Nina Toyota Fielder ya 2015, injini ya 1500, gia ya CVT. Tangu masika yaishe inatetemeka nikiondoka kwenye matuta, hasa AC ikiwa imewashwa. Nikishafika mwendo wa 40 hivi inatulia kama hakuna kilichotokea. Taa ya injini haijawaka hata siku moja.

Nikaipeleka gereji ya kampuni, hizi zenye matawi kila mji, tawi lao la Mombasa. Nikakalishwa kwenye kiti laini, nikaletewa chai, baadaye kijana mwenye shati la kola akanipa karatasi: giaboksi nzima ibadilishwe, 185,000 pamoja na ushuru. Nikarudi nyumbani sina hamu. Fundi wangu wa hapa Malindi, upande wa Barani, hakuniuliza hata jina la gari. Akafungua boneti, akatia nondo kwenye injini, akaitikisa, akasema mauntingi (raba zinazoishikilia injini) zimekufa, 9,000 na kazi ndani yake.

185,000 na 9,000. Nyinyi huwa mnaamuaje nani wa kumwamini? Na msiniambie "sikiliza moyo wako", moyo wangu haujui giaboksi.

#2 Kapteni_Mambrui
Fundi wa mwarobaini. Uzi ufungwe.

#3 DerevaWaUtalii
Kapteni usifunge uzi wa watu. Dada, nimeendesha gari za CVT hapa Malindi, Watamu na njia ya Sala Gate kwa miaka, na mtetemo wa kuondoka una baba zaidi ya mmoja. Nikuulize kwanza: oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, na iliwekwa oili gani? Hapa ndipo mafundi wengi wa mtaani huteleza. Wanaona giaboksi haina klachi ya mguu, wanasema "otomatiki", wanamimina ile oili nyekundu ya otomatiki za zamani. CVT ina mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda usiteleze. Ukitia nyingine, mkanda unateleza na kushika, unateleza na kushika, na wewe juu ya kiti unasikia gari inatetemeka. Hata Toyota wenyewe wana aina mbili, TC na FE, na hazichanganywi. Kitabu cha gari kinasema ipi.

Kwa hiyo yule wa Mombasa huenda hakukudanganya.

#4 MzeeWaSpana
Nimesoma nikacheka. Mimi ni fundi, hapahapa Malindi, tangu enzi za Peugeot 504. Nondo haitoshi, na karatasi yenye nembo haitoshi. Kipimo cha mauntingi hakihitaji kompyuta wala chai: boneti wazi, mtu mmoja ndani akanyage breki kwa nguvu, atie D, atoe mguu wa breki kidogo bila kuiachia, kisha atie R. Wewe simama pembeni, usisimame mbele ya gari. Injini ikiinuka na kuanguka kila akibadilisha gia, raba ya mauntingi imekatika. Ikitulia tuli na gari bado inatetemeka barabarani, tafuta kwingine: plagi, koili, throto chafu, au hiyo oili anayosema DerevaWaUtalii.

AC inaingia wapi? Kompresa ikishika, injini inabebeshwa mzigo na sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inashuka. Injini yenye raba mbovu itapiga bodi. Hiyo inanivuta upande wa fundi wako, lakini sijaiona gari, siapi.

#5 Yakhe_Ganda
Swali la dada halikuwa "gari ina nini", lilikuwa "namwamini nani". Nyote mmekimbilia kutibu.

Mimi nilishaacha za kampuni. Kazi yao si kutengeneza tena, ni kubadilisha. Kitu kikilia kidogo kinang'olewa kizima kinatupwa. Fundi wa mtaani atafungua alternata (mtambo wa kuchaji betri), atatia makaa mapya, atafunga. Wao: alternata mpya. Kwa nini? Maanake spea ndiyo biashara, kazi ya mkono ni kisingizio.

#6 HesabuSafi
@Yakhe_Ganda nusu kweli. Mimi ni mhasibu wa hoteli upande wa Casuarina, magari ya hoteli yanapita mikononi mwangu kwa karatasi. Bei ya gereji ya kampuni ina mambo matatu ambayo fundi wa mwarobaini hana: kodi ya jengo, mishahara ya mwisho wa mwezi kazi iwepo isiwepo, na VAT ya asilimia 16. Toa VAT kwenye hiyo 185,000, unabaki na kama 159,500. Bado ni pesa nyingi, lakini 25,500 za juu si za gereji, ni za serikali.

Na sisi wenye biashara tumebanwa. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki, watu wa kodi KRA hawaikubali kwenye hesabu. Fundi akinipa karatasi ya daftari la shule yenye alama ya grisi, kazi ni nzuri, gari linakwenda, lakini kwangu mimi hiyo pesa imetozwa kodi kama faida. Ndiyo maana magari ya hoteli yanakwenda kwa kampuni. Si mapenzi.

#7 Yakhe_Ganda
Basi tuseme gereji za kampuni zinaishi kwa ajili ya wahasibu.

#8 HesabuSafi
Na wahasibu wanaishi kwa ajili ya KRA. Tuendelee.

#9 MamaMokowe
Hamjambo wa Malindi. Sisi wa Amu tunawatazama tu. Kisiwani tuna punda, na punda akiumwa ana hospitali yake tangu 1987, matibabu bure, hakuna anayeambiwa abadilishe giaboksi. Ndooni Amu mpumzike.

Ila nami nina gari, huliacha Mokowe bara nikivuka. Likikaa wiki mbili pale kando ya maji nalikuta na ugonjwa mpya. Safari moja panya walikula waya za sensa. Gereji yenye jina niliyoipeleka wakati huo walisema "haniesi" nzima, yaani fungu lote la waya, iagizwe Japani. Fundi mmoja wa umeme wa Mpeketoni akaketi na mchoro wa waya zilizoliwa, akaunga moja moja kwa risasi ya kulehemu na mpira wa kukaza kwa moto, akaniuliza "mama, una paka?" Mpaka leo linawaka.

#10 Kapteni_Mambrui
😂😂 una paka

#11 MnyaziLeicester
Salamu kutoka Uingereza, mimi wa Muyeye. Huku mjadala ni huuhuu, tofauti ni sheria tu. Kuna Kwik Fit, walianza Edinburgh 1971, kuna Halfords, na kuna gereji ndogo za mtu na mwanawe nyuma ya nyumba za matofali. Watu wanagombana vilevile.

Lakini kuna ujanja mmoja nimejifunza. Gari likifika miaka mitatu lazima lipimwe kila mwaka, wanaita MOT, ilianza 1960, na ada yake ina kikomo cha kisheria, pauni 54.85 kwa gari dogo. Gereji nyingi zinapima NA zinatengeneza, kwa hiyo akikuta kasoro anakula mara mbili. Sasa, baadhi ya mabaraza ya miji yana vituo vya kupima magari yao wenyewe, na raia anaruhusiwa kupeleka lake. Pale hawatengenezi gari la mtu. Hawana faida yoyote ukianguka mtihani. Wenyeji wanaojua huenda huko, wanachukua orodha ya kasoro, ndiyo wanaipeleka kwa fundi wamtakaye.

@BintiMaweni shida yako si kampuni wala mwarobaini. Shida ni kwamba anayekupimia ndiye anayekuuzia.

#12 DerevaWaUtalii
Hii ya #11 nimeipenda. Hapa kwetu unaweza kuifanya kwa mkono: mlipe mtu wa mashine ya kompyuta apime TU, mwambie mapema kwamba kazi hatapewa yeye. Utaona anavyobadilika sauti.

#13 MzeeWaSpana
Anabadilika sauti kwa sababu kupima ndiyo kazi ngumu na hakuna anayetaka kuilipia. Mtu anaketi nami saa nzima nikitafuta ugonjwa, nikiupata anasema "ahsante mzee", anakwenda kununua spea na kufungiwa na kijana wa bei rahisi. Ndiyo maana fundi anaficha gharama ya kupima ndani ya spea. Lipeni upimaji, uongo utapungua.

#14 BintiMaweni
Ahsanteni wote. Majibu ya maswali: oili ya giaboksi sijawahi kubadilisha tangu nilichukue gari bandarini. Fundi wangu wa Barani aliniambia oili ya CVT "haiguswi maisha". Wa Mombasa hawakuniambia wamefungua wala kutazama oili, walisema wamelipima kwa kompyuta na kuliendesha. Kwenye karatasi yao hakuna namba ya kosa lolote.

Kipimo cha MzeeWaSpana nimekifanya na kaka yangu. Injini inainuka, lakini si sana. Kiasi cha vidole viwili. Ni nyingi hiyo?

#15 MzeeWaSpana
Vidole vya nani?

#16 Kapteni_Mambrui
Mzee 😂

#17 FundiTanga
Wakuu, niko Tanga, mpakani tu hapo. Vidole viwili ni vingi kwa injini ndogo hiyo, lakini raba ya gari la 2015 kwenye joto la pwani kuchoka ni kawaida, haimaanishi ndiyo ugonjwa pekee. Unaweza kuwa na vyote viwili. Nimeona gari lenye mauntingi mbovu NA oili ya CVT iliyoungua, mwenye gari kabadilisha mauntingi, mtetemo ukapungua nusu, akashangilia, miezi baadaye giaboksi ikalala.

Na huyo aliyesema oili haiguswi maisha, muulize maisha ya nani. Harufu ya kuungua na rangi nyeusi, hapo hakuna mjadala.

#18 Kisima_Msabaha
Nami nitie langu, upande wa pili kabisa. Gari langu lilikuwa linazima taa za dashibodi, betri inakufa. Mafundi watatu wa mtaani, kila mmoja na alternata yake ya mtumba. Mwisho nikapeleka gereji ya kampuni. Kijana mdogo, kama alitoka chuo juzi, akachukua mita, akapima kutoka kwenye kichwa hasi cha betri hadi bodi, akaniita nitazame. Waya wa athi, pale ulipofungwa kwenye chesisi kwa boliti, ulikuwa na unga wa kijani kama kuvu. Akaukwangua kwa msasa mpaka shaba ikang'aa, akapaka grisi, akakaza. Alternata yangu ya asili ilikuwa nzima kabisa, nilishaitupa.

Chumvi ya bahari hii. Anayeishi Malindi na hakagui waya wa athi atanunua alternata mpaka azeeke. Basi mimi siwezi kusema wa kampuni hawajui kazi.

#19 Yakhe_Ganda
Ulilipa ngapi kwa msasa na grisi?

#20 Kisima_Msabaha
4,500. Ya kupima, na karatasi ilisema hivyo: "upimaji wa umeme". Sikulalamika.

#21 MzeeWaSpana
Umeona sasa. Mimi ningemfanyia kazi hiyohiyo kwa 500 na angeona namuibia.

#22 KasaMzee
Mnaosema za kampuni huuza spea zisizohitajika, si porojo za vijiweni tu. Marekani, mwaka 1992, jimbo la California liliituhumu Sears, ambao wakati huo walikuwa na gereji kwenye maduka yao. Idara ya jimbo inayosimamia gereji ilituma magari kwa siri, ikakuta wateja wanauziwa matengenezo yasiyohitajika. Chanzo kilichotajwa ni malipo: washauri wa huduma walilipwa kwa kamisheni na kupewa malengo ya mauzo. Ulipozuka mzozo kampuni ikaacha kamisheni hiyo.

Kwa hiyo mkifika gereji yoyote yenye kijana wa shati la kola, ulizeni kimoja: unalipwa mshahara au unalipwa kwa unachouza?

#23 HesabuSafi
Atajibu mshahara. Swali zuri, jibu halitapatikana.

Ila tuwe waadilifu: na wa mtaani anakula kwenye spea. Fundi anakutuma duka fulani, si duka jingine, na mwenye duka anampa kitu mwisho wa wiki. Hiyo si kamisheni? Tofauti ni kwamba haina karatasi. Mimi dereva wetu mmoja nilimpa pesa anunue mwenyewe breki pedi, dukani akaambiwa bei, nikampigia fundi, fundi akasema bei nyingine, juu kwa 1,200. Duka ni lile lile.

#24 MzeeWaSpana
Mimi sikatai. Lakini 1,200 hiyo ndiyo dhamana yako. Pedi ikipiga kelele kesho utarudi kwangu au utarudi dukani? Ukileta spea yako mwenyewe na ikawa feki, kazi ya kufungua tena ni ya nani? Kila siku nagombana na watu juu ya hili. Mteja akileta spea yake, mkono wangu nauhesabia, spea siihesabii. Namwambia kabla sijashika spana.

#25 Bahari_Shela
Naleta upande wa matairi kwa sababu nyote mmesahau. Kuna kazi ambayo mwarobaini hauwezi hata fundi awe malaika: alaimenti na balansi, yaani kunyoosha magurudumu na kusawazisha uzito wake. Hiyo inataka mashine, sakafu iliyonyooka, na mtu anayeiweka mashine sawa. Usukani ukikuvuta kushoto kutoka hapa hadi Kilifi, usimsumbue fundi, nenda penye mashine.

Na mkinunua tairi huko huko penye kiyoyozi, tazameni namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "mpya" iliyokaa ghalani miaka na joto la pwani si mpya. Nilionyesha muuzaji namba, akaniambia ni namba ya kiwanda. Ni ya kiwanda kweli, na inasema imetengenezwa lini!

#26 Kapteni_Mambrui
Na nati za tairi je? Za kampuni wanakaza na bunduki ya upepo mpaka ukipata panchari Gongoni huzifungui hata ukisimama juu ya spana.

#27 Bahari_Shela
Na wa mtaani anachomeka kipande cha bomba kwenye spana ili apate nguvu. Ni yaleyale. Toyota ndogo nyingi zinataka nguvu ya kukaza ya kama Nm 103, kuna spana maalumu inayopima nguvu, inalia "tik" ukifika. Fundi mwenye spana hiyo, awe chini ya mti au chini ya bati la kampuni, mimi namuachia funguo.

#28 DerevaWaUtalii
#27 ndilo jibu la karibu zaidi na swali la #1 mpaka sasa. Tazama vifaa vyake na namna anavyovitumia. Wangu mimi namtazama anavyofungua nati ya sampu, lile sinia la oili chini ya injini. Akiianza kwa mkono, kisha spana, sawa. Kuna gereji moja kubwa waliianza na bunduki, uzi wa nati ukaliwa, nikawa nadondosha oili nyumbani hadi jirani akadhani nafuga bata. Walikana. Walisema nimekuja hivyo. Na pale ndipo nilipoona jina kubwa lina faida gani: nilikuwa na karatasi yao ya mapokezi iliyoandika "hakuna uvujaji". Nikaipiga picha, nikamtumia meneja. Sampu mpya, bure.

Kwa fundi wa mtaani ningekuwa na nini? Neno langu na neno lake.

#29 Yakhe_Ganda
Kwa fundi wa mtaani ungekuwa na mama yake. Mimi fundi akinikosea naijua nyumba yao, naujua msikiti anaoswali, na mjomba wangu ndiye aliyemsimamia harusi. Meneja wako wa Mombasa akihamishwa kwenda Nakuru, karatasi utaifungia maandazi.

#30 HesabuSafi
Na wageni je? Mtu aliyehamia Malindi mwaka jana, hana mjomba?

#31 Yakhe_Ganda
Aoe.

#32 Kapteni_Mambrui
Tumerudi nyuma miaka mia tano. Vasco da Gama mwenyewe alifika Malindi 1498, meli zake kubwa, kampuni nzima ya mfalme nyuma yake, na njia ya India hakuijua. Akachukua rubani wa hapa, Ibn Majid, na Mei hiyohiyo akawa Kalikuti. Fundi wa kienyeji aliwashinda na ramani zao zote.

#33 KasaMzee
Nahodha, pole. Habari ya Ibn Majid ni maarufu lakini wanahistoria wengi wameikataa. Yule alikuwa bingwa wa bahari kutoka Julfar, upande wa Omani ya zamani, na baadhi ya maandishi ya Kireno yanamtaja rubani kuwa Mgujarati. Kwa hiyo Da Gama alichukua mtaalamu mgeni aliyekuwa bandarini Malindi. Siyo fundi wa mwarobaini. Labda ni huyo wa kampuni.

#34 Kapteni_Mambrui
Sasa mmeniharibia hadithi ya watalii. Nitaendelea kuisimulia vilevile.

#35 WakiliBila_Tai
Nipite na moja la bima, linawahusu wenye komprehensivu, ile bima kubwa. Ukigonga, mara nyingi si wewe unayechagua gereji, kampuni ya bima ina orodha yake na mkaguzi wake wa hasara anakuja kwanza. Ukimpa fundi wako afungue kabla mkaguzi hajaona, unajitafutia kesi. Nimeona madai yakikwama miezi kwa bampa iliyonyooshwa mapema kwa nia njema. Kwa gari lililogongwa, uzi huu hauna kazi: soma mkataba wako.

Kwa gari lililo chini ya dhamana ya kiwanda ni hivyohivyo, soma masharti. Lakini nani hapa ana gari jipya la dukani?

#36 Bahari_Shela
Ng'o. Sote ni mitumba ya Japani, iliyoingia nchini kabla ya kupita miaka minane.

#37 FundiTanga
@BintiMaweni usituache. Oili umetazama?

#38 BintiMaweni
Nimekwenda kwa mtu wa tatu, aliyependekezwa na mfanyakazi mwenzangu, gereji ndogo njia ya kwenda Watamu. Ana mashine ya kompyuta, ana bati, hana chai. Nimemlipa 2,000 apime tu, kama alivyosema DerevaWaUtalii, na kweli sauti ilibadilika lakini akakubali. Alichomoa oili kidogo akaitia kwenye chupa nyeupe: kahawia, haina harufu ya kuungua. Akasema mauntingi ya upande wa giaboksi imepasuka, ya upande mwingine bado. Kisha akafungua plagi, akasema namba tatu ina oili kwenye uzi wake, gasketi ya kifuniko cha juu inavuja, na kwamba hiyo inaweza kuleta mtetemo peke yake.

Kwa hiyo sasa nina majibu matatu. Ahsanteni sana 😩

#39 DerevaWaUtalii
Kahawia bila harufu, badilisha oili kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu, kiasi sahihi, gari likiwa kwenye joto linalotakiwa. Kisha mauntingi moja. Giaboksi iache.

#40 FundiTanga
Mimi ningeanza na gasketi na plagi, ni rahisi na unaona matokeo jioni hiyohiyo. Ukibadilisha vyote siku moja hutajua kilichokuponya.

#41 Yakhe_Ganda
Akibadilisha kimoja kimoja atalipa mafundi mara tatu.

#42 MzeeWaSpana
FundiTanga yuko sawa, na Yakhe naye yuko sawa, ndiyo kazi yetu ilivyo.

Ila dada, yule wa kompyuta njia ya Watamu, mrefu mwembamba, anapenda kuvaa kofia ya Arsenal? Huyo alijifunza kwangu. Akaenda gereji ya kampuni Mombasa akavaa ovaroli ya nembo, akarudi na mashine. Hata hao mnaowaogopa wa shati la kola, wanaoshika spana kule nyuma ya ukuta wa kioo ni vijana wa chini ya miti. Kampuni haifundishi, inachukua waliofundishwa, inawapa ovaroli.

#43 Kisima_Msabaha
Mzee, yule kijana wangu wa mita hakutoka chini ya mti, alitoka chuo na alikuwa na cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ukutani. Nimeona kwa macho.

#44 MzeeWaSpana
Chuo kilimfundisha mita. Kukwangua shaba mpaka ing'ae alifundishwa na mtu.

#45 MamaMokowe
Wakati mnagombania vijana: nani Malindi anajua kuziba waya zisiliwe na panya? Yule wa Mpeketoni amehamia Garsen na mimi paka hakai, hula samaki gatini akanisahau.

#46 Bahari_Shela
Mama kuna utepe wenye pilipili, nimesikia Honda wanauuza huko Marekani, unazungushiwa waya. Hapa sijauona dukani.

#47 Yakhe_Ganda
Paka pilipili mwenyewe. Ila usiguse macho ukitoka kufungua boneti.